Kompyuta haijafunga maabara: tuelewane kuhusu AI na kemia

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa dada yangu Kahawa West, chakula kimeliwa, watu wameegemea viti, ndo anko mmoja akamgeukia Njeri, binti ya dada yangu ambaye ameitwa chuo kusomea kemia, akamwambia, "We mtoto, hiyo kozi badilisha mapema, kemia imeisha, sai ni AI inatengeneza dawa." Akatoa simu akatuonyesha kavideo kametumwa kwa grupu ya familia, sauti inasema ati kompyuta imevumbua dawa mpya kwa siku chache tu na wanasayansi wamebaki kutazama. Njeri akaniangalia. Mimi nimefanya kazi ya maabara zaidi ya miaka kumi, kwa hivyo kila mtu pale alikuwa anangoja nijibu, na nilijibu mbio mbio manake chai ilikuwa inaletwa na watoto wanapiga kelele. Nimeona niandike sasa nikiwa nimetulia, kwa sababu si anko peke yake anayeongea hivo. Tangu tuzo ya Nobel ya kemia ya 2024 iende kwa watu wa kompyuta nimeskia hayo maneno kwa matatu, kwa kinyozi, hata kwa walimu. Na wapo pia wa upande ule mwingine, wanaosema hizi mambo zote ni biashara tu na hakuna kitu. Wote wamekosea, na wamekosea kwa njia inayoweza kumharibia mtoto uamuzi wa maisha.

Tuanze na maneno. Kemia ni elimu ya vitu vimeundwa na nini na vinageukaje kuwa vitu vingine: mkaa ukiwaka, chuma kikishika kutu, panadol ikivunjwa na ini. Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na atomu zikishikana zinaitwa molekuli. Maji ni atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, hiyo kila mtu aliyepita darasani anaikumbuka. Modeli nayo ni mfano uliorahisishwa wa kitu halisi, unaokuwezesha kuuliza maswali bila kukigusa kitu chenyewe. Ramani ya Nairobi ni modeli ya Nairobi. Haina vumbi, haina makelele, haina mtu wa kukuuzia soksi, lakini itakuambia ukitoka Kencom kwenda Ngara upite wapi. Na AI, wengine wanaiita akili mnemba na wengine akili unde, ni programu ambayo hakuna mtu aliiandikia kanuni moja baada ya nyingine, imeonyeshwa mifano mingi sana hadi ikashika mtindo wenyewe.

Sasa watu wanachanganya modeli ya kompyuta na AI kana kwamba ni kitu kimoja. Hebu tuseme unataka kujua gari ikitoka Rongai saa kumi na mbili na nusu asubuhi itafika tao saa ngapi. Unaweza kukaa chini ukapiga hesabu: umbali, mwendo wa gari, magari mangapi yako barabarani, taa ngapi, kila stage inakula dakika ngapi. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili unamuuliza makanga. Yeye hapigi hesabu yoyote, lakini amepita hiyo barabara miaka kumi, anajua Jumatatu yenye mvua inakuwaje, anajua tarehe za shule kufunguliwa, atakuambia tu "saa mbili kasorobo" na mara nyingi atakuwa sawa. Hesabu ni ile modeli ya zamani ya fizikia. Makanga ndo AI. Na kila mmoja ana udhaifu wake, mwenye hesabu anaweza kuchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe, na makanga naye ukimpeleka barabara ya Kisumu kwenda Busia ambayo hajawahi kuipita bado atakutajia saa, kwa sauti ile ile ya kujiamini. Hilo la mwisho ulishike, tutalirudia.

Njia ya hesabu ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka wa 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoeleza elektroni zinavyokaa ndani ya atomu, na elektroni ndo zinaamua nani atashikana na nani, yaani ndo kemia yenyewe. Miaka mitatu baadaye Paul Dirac akaandika kwamba sheria za kueleza kemia yote sasa zinajulikana, shida ni kwamba milinganyo yake ni mizito mno kutatua. Na hakutia chumvi. Atomu ya haidrojeni ina elektroni moja, hiyo unaitatua kwa kalamu na karatasi hadi mwisho. Heliamu ina mbili, na hapo tayari hakuna jibu kamili la kuandika kwa kalamu, lazima ukadirie. Sasa chukua kafeini, ile iko kwa kikombe chako cha chai ya asubuhi. Ni kamolekuli kadogo, atomu 24 tu, lakini nilimhesabia Njeri elektroni zake tukapata 102, na kila moja inasukumana na kila nyingine, hiyo ni jozi 5,151 za kusukumana kwa wakati mmoja, ukihamisha moja zote zinajipanga upya. Hiyo ni kafeini. Protini moja ya mwili wako ina atomu maelfu.

Wakemia walifanya nini? Walitafuta njia ya mkato ambayo haidanganyi sana. Ile iliyofaulu kuliko zote ilitokana na kazi ya Walter Kohn na wenzake kwenye miaka ya 1960, na wazo lake mtu wa Nairobi analielewa bila shida. Siku ya kufungua bale Gikomba huwezi kumfuata kila mtu mmoja mmoja uone anaenda wapi, lakini ukipanda juu ya gorofa ukaangalia chini utaona mahali watu wamesongamana na mahali pako wazi, na hiyo picha ya msongamano peke yake inakuambia mengi kuhusu soko. Kohn alionyesha kwamba kwa elektroni pia inatosha kujua msongamano wake, si lazima ufuate kila moja. John Pople naye akazigeuza hesabu za elektroni kuwa programu ambayo mkemia wa kawaida anaweza kuitumia, ya kwanza ilitoka 1970. Wakashinda Nobel pamoja mwaka wa 1998. Kwa hivyo ukiskia mtu anasema kompyuta ndo zinaingia kwenye kemia juzi, mwambie zimekuwa humo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Halafu kuna hesabu za mwendo, ambapo humuulizi molekuli inakaaje tu, unauliza inavyotikisika, inavyojikunja, inavyogongana na maji. Kompyuta inasogeza kila atomu kidogo, inapiga hesabu upya, inasogeza tena, kama picha za katuni zinazofuatana. Hatua moja huwa kama femtosekunde 2, na femtosekunde ni sekunde moja ikigawanywa mara milioni bilioni. Ukitaka kuona protini ikicheza kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde tu, hizo ni hatua milioni 500, na kila hatua inahesabu atomu zote, ndo maana watu wanaacha kompyuta ikifanya kazi wiki nzima. Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipata Nobel ya 2013 kwa kuunganisha hizi njia, ile nzito ya elektroni itumike pale tu mambo yanapotokea, na ile nyepesi kwingine kote. Levitt alizaliwa Pretoria, nalitaja kwa sababu watoto wetu wengi hawajawahi kuambiwa mtu aliyezaliwa Afrika yumo kwenye hiyo orodha.

Na ilisaidia nini? Chukua ARV. Zile dawa za kundi la kuzuia protease zilizoanza kutoka katikati ya miaka ya 1990, wakemia waliangalia umbo la hiyo protease, ambayo ni protini ya virusi, kwenye skrini, wakaona shimo lilivyo, wakachonga molekuli ya kuingia humo na kuziba, vile fundi wa funguo anavyoangalia kitasa kabla ya kukata chuma. Hakukuwa na AI hapo. Na bado zilipimwa kwenye chupa, kwa wanyama, kwa watu.

Sasa tuje kwa makanga.

AI inaionaje molekuli? Haina macho, inahitaji maandishi au namba. Kuna namna ya kuandika molekuli kama neno, C ni kaboni, O ni oksijeni, haidrojeni huziandiki manake zinaeleweka. Ukiandika CCO umeandika ethanoli, kileo kilicho kwenye bia. Ukitoa herufi moja ikabaki CO, hiyo sasa ni methanoli. Niliwaandikia haya maneno mawili kwa kipande cha karatasi pale mezani, na ndo wakati anko alinyamaza kidogo, kwa sababu methanoli kila mtu Kenya anaijua hata kama hajui jina lake. Ndo iliyoua watu wengi Embu na kaunti zingine mwaka wa 2014 kwa pombe iliyochanganywa, na waliopona wengine walipoteza macho. Mwilini zote mbili zinashikwa na kimeng'enya, yaani enzyme, kile kile cha ini. Ethanoli inageuzwa mwishowe kuwa asidi ya siki, kitu mwili unakizoea. Methanoli inageuzwa formaldehaidi, halafu asidi ya fomiki, na hiyo ndo inaharibu mshipa wa jicho. Mlango ni ule ule, aliyefungua ni yule yule, tofauti ni herufi moja.

Nimekaa hapo kwa sababu hapo ndo nguvu ya AI na hatari yake zinakutana. AI inaishi kwa imani kwamba vitu vinavyofanana vina tabia zinazofanana, na mara nyingi ni kweli, ndo maana inafanya kazi. Lakini kemia ina mahali ambapo unabadilisha atomu moja na kila kitu kinapinduka, wenyewe wanafananisha na poromoko, unatembea tambarare halafu ghafla ardhi imeisha. Modeli ambayo haijaonyeshwa hilo poromoko itapita ikienda tu.

Hiyo Nobel ya 2024 ambayo video zote zinaitaja, nusu ilienda kwa David Baker ambaye anabuni protini mpya kwa kompyuta, na nusu kwa Demis Hassabis na John Jumper wa programu ya AlphaFold. Protini ni kama uzi wa shanga, shanga za aina 20, na ukishatungwa unajikunja wenyewe hadi unapata umbo fulani, na umbo ndo linaamua kazi yake. Kujua mpangilio wa shanga ni rahisi, kujua utajikunja vipi ilikuwa kitendawili cha miaka 50. Mwaka wa 2020 AlphaFold ikakadiria maumbo vizuri kiasi kwamba mashindano ya fani hiyo yalitikisika, na 2022 wakaachilia makadirio ya protini zaidi ya milioni 200, bure, yeyote mwenye bando anaweza kufungua akaangalia. Ni kazi kubwa kwelikweli, mimi mwenyewe nimeitumia na ilinipa kwa dakika kitu ambacho zamani ningengoja miezi.

Lakini uliza ilijifunzia wapi. Ilijifunza kwa hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa 1971, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa na maumbo kama 170,000, na mengi yalitoka kwa mtu fulani aliyekaa maabara akikuza fuwele ya protini, mara nyingi inakataa, anaanza upya, halafu anaipiga miale ya X na kupiga hesabu. Kuna wanafunzi waliomaliza udaktari mzima kwa umbo moja. Hiyo ndo barabara makanga aliipita. Ukifunga maabara leo, AI ya kesho itakuwa inajua yale yale ya leo.

Mfano wa dawa ni mzuri zaidi kwa sababu una namba. Mwaka wa 2020 watafiti wa MIT Marekani walitangaza dawa ya kuua bakteria waliyoipata kwa msaada wa AI, wakaiita halicin. Walianza na molekuli 2,335, wakazipima maabara kuona ipi inazuia bakteria wa E. koli kukua. Wakailisha modeli hayo majibu. Halafu wakaipa orodha nyingine ya molekuli kama 6,000, zikiwemo nyingi zilizowahi kuwa dawa au kujaribiwa, wakaiambia ichague. Wakachukua 99 ilizozipendekeza zaidi wakazirudisha maabara. Zilizozuia bakteria kweli ni 51.

Angalia hiyo namba vizuri. Ni ushindi mkubwa, kwa sababu ungeokota 99 hivi hivi bila modeli ungepata chache mno. Na wakati huo huo karibu nusu ya zile modeli ilizipenda zaidi hazikufanya kitu. Bila chupa na bakteria huwezi kujua ipi iko upande gani. Na halicin yenyewe haikuzaliwa kwenye kompyuta, ilikuwa molekuli ambayo watu walishaitengeneza wakiichunguza kwa ajili ya kisukari. AI ilifanya nini basi? Ilipendekeza. Hilo ndo neno langu kwa hii makala yote, kupendekeza. Mahali video inasema "imevumbua" wewe soma "imependekeza", na utaona habari nyingi zinatulia zenyewe.

Kwa nini kupendekeza kuwe na thamani kubwa hivyo? Kwa sababu molekuli ndogo zinazoweza kuwa dawa zinakadiriwa kufika 1 yenye sifuri 60 nyuma yake. Hakuna maabara, hakuna serikali, hakuna maisha ya kutosha kuzijaribu. Mtu akikuambia anza na hizi mia, amekuokolea miaka.

Watu pia wanadhani dawa ikishapatikana kwa kompyuta basi kesho iko kwa kemisti. Hapana. Lazima itengenezwe, na kutengeneza molekuli ni ufundi, modeli nyingi zinachora vitu ambavyo hakuna mtu anajua kuvipika. Halafu ipimwe kwa seli, kwa wanyama, kwa watu wachache wazima, kwa wagonjwa wachache, kwa wagonjwa wengi. Kati ya dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa watu karibu 9 zinaanguka njiani, kwa sababu mwili si shimo moja na ufunguo mmoja, kuna ini, kuna figo, kuna chakula, kuna dawa zingine mgonjwa anameza. AI inaweza kufupisha mwanzo. Huo muda wa kungoja uone mtu aliyemeza anaendeleaje, huwezi kuufupisha sana bila kuhatarisha watu.

Na hata wataalamu wenyewe wanateleza. Mwishoni mwa 2023 maabara moja ya Berkeley, Marekani, ambayo inaendeshwa na roboti na AI, ilitangaza kwamba imetengeneza vitu vipya 41 kwa siku 17. Wakemia wengine wakachukua data yao wakaichambua upya wakasema hawaoni kitu kipya hapo, baadhi vilikuwa vitu vinavyojulikana tayari ambavyo programu ilivisoma vibaya. Roboti ilifanya kazi vizuri. Jicho la kusema "hiki ni nini hasa" ndo lilikuwa dhaifu, na jicho hilo linatokana na kuona nyingi kwa mkono wako.

Sasa kuna jambo linanikera na linaweza kuumiza mtu wiki hii, nalo ni kuchanganya AI ya kemia na zile programu za kupiga stori nazo kwa simu. Jirani yangu hapa Githurai anatengeneza sabuni ya maji, anauza kwa mitungi ya lita tano, ni mtu makini sana. Mwezi jana alikuja na simu mkononi, "Mama, hebu nisomee hii," alikuwa ameuliza programu moja ya kuchati jinsi ya kupunguza ukali wa ufacid, ile asidi ya kutengenezea sabuni, kwa kutumia soda kali. Maandishi yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko kitabu, hatua ya kwanza, ya pili, na kwenye hatua ya tatu imemwambia aweke soda kwenye ndoo halafu amwagie maji juu. Hiyo ni kinyume. Soda inatiwa kwa maji, kidogo kidogo ukikoroga, manake ukimwaga maji juu ya soda inachemka papo hapo na kurukia macho. Na haikumuuliza ufacid yake ni asilimia ngapi, ilimpa vipimo tu. Nilimpa karatasi za kupima pH na tukaandika vipimo upya tukiwa na kopo lenyewe mbele yetu.

Tofauti ni hii. Programu ya kuchati imejifunza maneno gani hufuata maneno gani. Modeli ya kemia imejifunza molekuli gani ilitoa kipimo gani. Ya kwanza inaweza kukuandikia sentensi nzuri kabisa kuhusu kiwango cha kuyeyuka cha kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipima. Mimi mwenyewe nimewahi kuuliza moja ya hizo kuhusu kitu tulichotoa kwenye gome la mti, ikanipa jina la makala, jarida na mwaka, nikatafuta siku mbili, makala haipo duniani. Kuna maabara sasa zinaziunganisha, ile ya maneno inaelekeza ile ya hesabu, na hiyo ni njia nzuri ikisimamiwa. Lakini ya simu yako peke yake, kuhusu kuchanganya kemikali nyumbani, usiifuate. Jik na dawa ya choo yenye asidi zikikutana zinatoa gesi ya klorini, hiyo haingoji uulize mara ya pili.

Je, inaweza kutumiwa kwa ubaya? Ndiyo. Mwaka wa 2022 watafiti waliokuwa na modeli ya kuepuka sumu kwenye dawa waliigeuza kwa majaribio, badala ya kuikwepa sumu iitafute, na kwa chini ya saa 6 ikatoa molekuli 40,000, ikiwemo VX ambayo ni silaha ya kivita. Waliandika ili kuonya. Orodha si sumu, kutengeneza bado kunahitaji malighafi zinazolindwa na mikono yenye ujuzi, lakini ndo maana mijadala ya nani aruhusiwe kutumia nini si ya kupuuzwa.

Kinachonihangaisha mimi zaidi kiko karibu na nyumbani. Kumbuka makanga wa Rongai aliyepelekwa Busia. Kuna dawa ya HIV inaitwa efavirenz, iliyotumika sana huku, inavunjwa mwilini na kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6. Aina ya hicho kimeng'enya inayofanya kazi polepole ni ya kawaida zaidi kwa watu wa Afrika kuliko Ulaya, kwa hivyo dozi ile ile inakaa mwilini mwa wengi wetu kwa kiwango cha juu zaidi, na watu wanapata kizunguzungu na ndoto mbaya. Modeli iliyolishwa data za miili ya kwingine haitaliona hilo, na itajibu kwa kujiamini. Si ubaguzi wa mashine, ni barabara ambayo haijapita. Na hiyo barabara hakuna atakayetupitia.

Wapo wanaoipita. Kule Cape Town kuna kituo cha H3D kilichoanzishwa 2010 na Kelly Chibale, mkemia kutoka Zambia, wanatafuta dawa za malaria na kifua kikuu, na wameshirikiana na kikundi kinachoitwa Ersilia kuweka modeli za AI zilizolishwa vipimo vyao wenyewe vya maabara. Hapa kwetu, mwaka wa 2012 shule ya Afrika ya hesabu za elektroni ilifanyika Eldoret, vijana wakafundishwa programu za bure ambazo wanazitumia hadi leo, na wenye kazi nzito wanaomba nafasi kwenye kompyuta kubwa ya Cape Town. Na tuna vya kupima. Pareto ya Nakuru na Nyandarua, ambayo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kuizalisha, ndo iliwapa wakemia umbo la kuigiza hadi wakapata dawa zinazowekwa kwa neti za mbu. Sai mbu wengi wamebadilisha ule mlango ambao dawa inaingilia, na kutafuta ufunguo mpya ni kazi ya modeli na maabara kwa pamoja. Kuna kitu kingine hakuna anayekiongelea, majaribio yaliyofeli. Tunachapisha yaliyofaulu, yaliyofeli yanabaki kwa daftari za droo, na AI inahitaji zote mbili, makanga ambaye hajawahi kukwama kwa jam hajui barabara.

Jumamosi Njeri alikuja kwangu na laptopu yake. Tulipakua programu ya bure ya kupachika molekuli kwa protini, tukachukua kafeini na ile protini ya ubongo ambayo kafeini huiziba ndo usingizi unapotea. Dakika chache, namba ya kukadiria inavyoshikana ikaja, hasi, ambayo kwa hii programu ni nzuri, na picha ya kafeini imekaa vizuri ndani ya shimo. Alifurahi sana. Nikamwambia sasa weka sukari. Akaweka sukari ya kawaida, programu ikaikunja, ikaisukuma, ikaiweka mahali, na ikatoa namba pia. Akaweka aspirini, namba. Akaniuliza, "Anti, kwani hii haijui kusema haiingii?" Haijui. Itatoa namba kwa chochote utakachoipa.

Tukafungua ukurasa wenye vipimo halisi vya kafeini kwa hiyo protini, nikamwonyesha kwamba nyuma ya kila kipimo kuna mtu aliyechukua seli, akaweka kafeini kwa viwango tofauti, akasoma mashine, akarudia. Alizisoma kimya muda mrefu, akaanza kunakili kwenye daftari ile namba ya programu upande mmoja na ile iliyopimwa upande wa pili. Mwezi wa tisa anaripoti, kozi hakubadilisha. Laptopu yake inahitaji kuongezwa memori, nimeshaongea na anko na tunachanga.